Arap Maritim na Siku Mama Gambuti Alipochaguliwa

Mmeniomba, ninyi vijana wa chumba cha habari, niwaandikie machache kuhusu kazi kabla sijasahau na kabla ninyi hamjachoka kuniuliza. Nimestaafu juzi tu. Bado nikisikia mlio wa taarifa ya saa saba napapasa mfuko kutafuta betri. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vingine walipewa wenye sauti nzuri kuliko yangu. Mshahara nao tuuache ulale. Nitawaeleza kazi yenyewe, ambayo kwa miaka yote ilikuwa moja: chama kikigombana, bei ya majani ikishuka, daraja likibebwa na maji, mimi natumwa kuwauliza watu wanaonaje. Ndiyo maana kuanzia Fort Ternan hadi Boito hakuna aliyejua jina langu. Niliitwa Maoni. Hata mke wangu huniita Maoni akiwa amekasirika.

Siku yangu ya kwanza nilitumwa huko huko Fort Ternan, kando ya reli, niwaulize wakulima wanasemaje kuhusu chifu wao mpya. Nilirudi nikiwa na kanda iliyojaa na kifua kilichojaa zaidi. Bi Esta, mhariri wetu, akavaa hedifoni akasikiliza. Alisikia upepo mwingi, ng'ombe mmoja, na mimi nikisema "Naam, naam, kabisa" juu ya maneno ya kila mtu. Akazivua polepole.

"Huyu ng'ombe amekushinda," akasema. "Yeye angalau alingoja zamu yake."

Bi Esta alikuwa mama wa Kaplong, mpana, mkali, aliyefuma sweta huku akisikiliza kanda, na ukimwona ameacha kufuma ujue umefanya kosa au umefanya ajabu. Kila ninachojua nilikitoa kwake. Alinifundisha kuvisha maikrofoni soksi ya mtoto ili upepo usiingie. Mpaka leo hakuna kifaa cha Wazungu kilichonifaa kama soksi ile. Alinifundisha kumaliza mahojiano asubuhi, kwa sababu huku kwetu mvua huja baada ya chakula cha mchana, na mvua ikishaanza kupiga mabati, hata akihojiwa malaika utasikia mabati tu. Alinikataza kumsimamisha mchumaji wa chai. "Tembea naye mstari kwa mstari," alisema. "Mikono ikisimama, mtu anaanza kufikiria serikali itamsikia. Mikono ikiendelea, mdomo unasahau." Na alinikataza kabisa kumuuliza mtu kama amefurahi au amehuzunika. Niulize alikuwa wapi aliposikia habari. Mengine yatajileta yenyewe.

Yalijileta kweli, ingawa si mara zote kwa njia niliyotaka. Mwaka mmoja mvua ya mawe ilipiga upande wetu ikabakisha vijiti vitupu mahali palipokuwa na chai. Nilimkuta mkulima amesimama katikati ya shamba lake. Nikamuuliza alikuwa wapi mvua ilipokuja. Akasema, "Hapa." Nikangoja. Hakuongeza neno, na mimi nilikuwa nimeshajifunza kunyamaza. Nilidhani nimerudi mikono mitupu, lakini Bi Esta alirusha hewani ile "Hapa" pamoja na kimya chake chote, na siku nzima watu walipiga simu stesheni wakilia. Hiyo ndiyo kazi ngumu, wadogo zangu. Wanasiasa ni rahisi, wao huja wameshaiva.

Niwaambie pia kwamba mimi si wa huku kwa asili. Wazazi wangu walitoka ziwani kuja kuchuma chai, nami nikazaliwa kambini, katika zile nyumba za mistari za wachumaji. Kikipsigis nakizungumza vizuri mpaka niseme neno la tatu, hapo watu hucheka kwa upendo na kunisaidia kumaliza sentensi. Kucheka huko kumenipa mahojiano mengi kuliko ufasaha wowote. Mtu akishakucheka hakuogopi tena.

Sasa nifike kwa jambo ambalo ninyi hunitania nalo kila siku.

Katika wadi ya Boito tulikuwa na mwakilishi katika bunge la kaunti, mwanamke, ambaye watu walimwita Mama Gambuti. Alifanya kampeni wakati wa masika akiwa amevaa gambuti nyeusi, vile viatu virefu vya mpira, akipita lango kwa lango kwenye matope, wakati wapinzani wake walikuwa wakipunga mikono kutoka ndani ya magari. Alipochaguliwa, nilipeleka kipindi laivu kwenye banda la kupimia majani, pale wakulima wanapongoja lori la kiwanda. Swali la siku lilikuwa: je, chama kinaweza kumchagua mwanamke kuwa kiongozi wake bungeni?

Maikrofoni ikamfikia Mzee Arap Maritim. Alikuwa mrefu, mwenye koti zito hata jua likiwaka, na kofia ya sufu nyekundu ambayo nadhani alilala nayo. Watu walimheshimu. Akakohoa, akasema:

"Mimi sina shida na huyo mama. Lakini bunge ni ng'ombe dume nyingi ndani ya boma moja. Siku hao wanaume watachagua mama awe kiongozi yao, hiyo siku Ouma alete watu wake kwangu. Nitawapa mursik na mkono wangu mwenyewe. Arap Maritim amesema."

Banda likalipuka kwa kicheko, maana kila mtu pale alijua habari ya Ouma. Ouma alikuwa fundi wa boila kiwandani, kijana wa kambini kama mimi. Alimpenda Chelangat, kitinda mimba wa Arap Maritim, aliyekuwa muuguzi Kaplong, na Chelangat alimpenda yeye, tangu siku za kwaya ya vijana. Ouma alikuwa ameshatuma wazee wa posa mara mbili. Mara zote mbili walipewa chai ya maziwa, wakaulizwa habari za mvua, wakasindikizwa kwa heshima mpaka langoni. Kuahidi mursik, yale maziwa yaliyolala kwenye kibuyu, kwa mkono wa baba mwenyewe, kulikuwa kuahidi koito, sherehe ya kukubaliana ndoa. Na mzee aliahidi kwa sharti ambalo yeye, na banda zima, na mimi pia, tuliamini halitatimia katika maisha haya.

Baada ya kipindi nilimfuata, maikrofoni ikiwa imezimwa, nikamuuliza ana ugomvi gani na kijana.

"Si mtu mbaya," akasema. "Lakini hana hata mti moja ya chai. Siku kazi itaisha, atapanda gari arudi kwao ziwani, na mtoto yangu atakuwa mtu wa kuonekana Krismasi."

Ndugu zangu wawili waliondoka hivyo hivyo.

Chelangat naye nilimkuta Kaplong siku moja nikiwa kwenye shughuli nyingine. Alikuwa na hasira iliyopangwa vizuri, kama wauguzi walivyo.

"Maoni, si baba angesema tu hapana? Hapana inaweza kubadilika. Sasa amefunga kufuli, na ufunguo amepeleka bungeni."

Na alisema kweli. Mzee wa Kikipsigis akitamka jambo mbele ya watu, hata akilijutia halirudishi mfukoni. Angemkubali Ouma kabla ya siku hiyo, angeonekana mtu wa maneno mawili. Hivyo msimu ukapita, na mwingine, na Ouma akachoka kungoja. Akapata kazi kwenye kiwanda cha sukari kule kwao na akasema ataondoka mwezi ukiisha. Chelangat hakumzuia. Aliniambia amelia mpaka machozi yameona aibu.

Ndipo chama kikamng'oa kiongozi wake bungeni. Sababu siikumbuki na sidhani waliokuwapo wanaikumbuka. Wanaume wawili wakajitokeza kutaka nafasi hiyo, kila mmoja na kundi lake, na wajumbe wakajifungia katika hoteli moja mjini Bomet wachague. Mimi, nikiwa nimebakiza wiki chache tu kazini, nikatumwa Boito kwenye lile banda, kwa kuwa mmoja wa wale wanaume alikuwa na mashabiki wengi pale. Nilitarajia maoni ya kawaida. Nilikuwa nimebeba hata kitabu cha mafumbo ya maneno.

Karibu na saa sita simu yangu ikalia. Alikuwa Kibet wa stesheni, na alikuwa anapumua kama amekimbizwa.

"Maoni, wale wawili wamekataana mpaka mwisho. Hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake. Wajumbe wamechoka, wamechagua Mama Gambuti! Yeye ndiye kiongozi wa wengi! Watu wanasemaje huko?"

Watu walikuwa bado hawajasema chochote kwa sababu hawakujua. Nikapata bahati ambayo sikuwahi kuipata tangu nianze kazi: mimi ndiye niliyewaambia.

Jamani! Nimeshuhudia watu wakipokea bonasi ya chai, nimeshuhudia mwanariadha wetu akirudi na medali, lakini ile ya siku hiyo ilikuwa nyingine. Mama mmoja alikuwa na kikapu kilichojaa mgongoni. Akaruka nacho, na majani yakaruka naye. Karani wa mizani akapanda juu ya mizani, akajipima mwenyewe, akatangaza uzito wake kwa furaha bila kuulizwa. Vijana wa bodaboda wakapiga honi mpaka kuku wakahama. Wanawake walioingia vichakani kutafuta sinendet, ule mmea tunaowavisha washindi, walirudi wamebeba mzigo wa kumvisha hata lori, na lori wakalivisha. Mimi pia nilivishwa. Maikrofoni ilivishwa juu ya soksi yake.

Nikaanza kazi, nikicheka mwenyewe kama mwendawazimu. Nikamuuliza mama wa kikapu alikuwa wapi aliposikia.

"Hapa mbele yako, si umeniambia wewe! Aki Maoni, nimeolewa hapa miaka yote naambiwa mama haongei mbele ya wazee. Sasa wazee wote wa hiyo chama wataomba yeye ruhusa ya kuongea!"

Kijana wa bodaboda akauliza kama lami itafika kufikia Ijumaa. Shabiki wa yule mwanaume aliyekosa akasema, kwa uso mzito, "Sisi tumekubali matokeo. Hatujafurahi, lakini tumekubali. Lakini hatujafurahi." Baadaye kidogo nilimwona akicheza, akiwa bado hajafurahi.

Kisha yule karani, akiwa bado juu ya mizani, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na Arap Maritim?"

Nikaona wazo likipita kutoka uso mmoja hadi mwingine. Halafu ukapigwa ukelele ambao nina hakika ulisikika mpaka msituni, na banda lote likaanza kushuka barabara kuelekea kwa mzee, na lori nyuma. Nikampigia Kibet, nikamwambia anishike laivu kwenye taarifa ya saa saba na asiniulize kwa nini.

Mzee alikuwa ameshasikia. Redio anayo. Tulipofika langoni hakuonekana, na mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni akiwa amevaa kitambaa chake cha kanisani siku ambayo si Jumapili, alituelekeza kwa kidevu tu upande wa shambani. Sasa chai iliyochumwa vizuri ni bapa kama meza na humfikia mtu kiunoni. Haifichi mtu. Tena ya Arap Maritim ilikuwa imechumwa vizuri kuliko zote. Katikati ya kijani hicho tuliona kofia nyekundu, na kando yake mbwa wake akitikisa mkia kwa fahari ya kuwa amemwona wa kwanza.

"Nilikuwa natoa magugu," akasema mzee, akisimama na kujipangusa magoti.

"Chamgei, mzee," nikamsalimu.

"Chamgei. Mmekuja wengi kwa sababu ya magugu?"

Mama wa kikapu akasogea mbele. "Boiyot, mzee wetu, ulisema kitu kwa redio. Mama Gambuti amechaguliwa."

"Nimesema vitu mingi kwa redio." Akanigeukia mimi. Niliona jicho lake likinipima, na nikajua kinachokuja. "Wewe Maoni. Hiyo maneno mnasema nilisema, iko? Mmeiweka? Nataka kuisikia na masikio yangu. Kama iko, sina la kusema. Kama haiko, basi tumwache kila mtu aende nyumbani."

Watu wote wakanitazama wakitabasamu, wakingoja nitoe ushahidi kutoka begini. Kibet alikuwa sikioni mwangu akisema tuko hewani. Na mimi nilijua kwamba stesheni yetu ilifuta vipindi vya laivu kila msimu kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa. Maneno ya Arap Maritim hayakuwapo popote isipokuwa vichwani mwa watu. Ningeweza kusema yapo. Hakuna ambaye angeangalia. Nikamfikiria Chelangat, nikamfikiria Ouma na sanduku lake lililofungwa tayari. Moyo uliniuma kweli. Lakini kazi yangu maisha yote ilikuwa kubeba maneno ya watu jinsi walivyoyasema, na siku hiyo sikuwa nimebeba kitu.

"Haiko, mzee," nikasema. "Ilifutwa."

Ile shangwe ikaanguka chini. Nilisikia mtu akisema "Aaai!" kwa uchungu, na dereva akazima injini ya lori. Karani alinitazama kama nimemwibia. Arap Maritim akavua kofia yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaipigapiga kwenye paja. Alikuwa mtu huru. Angeweza kuvuka shamba lake, aingie nyumbani, afunge mlango, na hakuna mzee ambaye angemlaumu.

Akaitazama ile nyumba kwa muda. Mkewe alikuwa bado mlangoni, na sasa alikuwa ameshika kibuyu cha mursik kwa mikono miwili. Mursik haiivi kwa siku moja, na mzee alilijua hilo kuliko mimi.

"Haiko," akasema mzee.

"Haiko," nikasema.

"Vizuri. Sasa hakuna mtu atasema Arap Maritim alishikwa na redio." Akarudisha kofia kichwani, akaiweka sawa. "Hiyo kitu yako imewaka?"

"Imewaka."

"Leta."

Nikamsogezea ile maikrofoni yenye soksi na sinendet. Akaikaribia kupita kiasi, kama wazee wote, na siku hiyo sikumrekebisha.

"Ouma," akasema. "Kama unasikia. Leta watu wako Jumamosi. Hapo chini karibu na mto niko na kipande ndogo, nitakupatia ili upande chai. Lakini upande wewe mwenyewe, na mkono yako. Mtu mwenye amepanda chai hahami." Akashusha kofia kidogo usoni. "Chelangat, mama, wacha kulia, shughulikia wagonjwa. Kongoi, asanteni."

Sitajaribu kuandika kelele iliyofuata. Kibet ananiambia mitambo ya stesheni ilionyesha mstari wa sauti mwekundu mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, mbele ya wasikilizaji wa kaunti mbili, na sikujali. Mama wa kikapu alimvisha mzee sinendet, mzee akasema inawasha, akaiacha.

Ndipo tukaisikia. Kutoka upande wa pili wa bonde, mahali kiwanda kilipo, king'ora cha mvuke kikaanza kulia, saa ambayo hakuna zamu inayoingia wala inayotoka. Kililia mfululizo, kikapumzika, kikaanza tena. Wote tukageuka kutazama ule mvuke mweupe ukipanda juu ya miti.

Arap Maritim akasikiliza kwa makini, mkono nyuma ya sikio.

"Huyo ni yeye?" akaniuliza.

"Ni yeye, mzee."

"Pigia yeye simu haraka," akasema. "Mwambie afunge hiyo kitu. Atafutwa kazi kabla ya Jumamosi, na mimi nimeshasema."